Gauni la Mama Jaji

Somoe, shoga yangu,

Gauni limevaliwa. Nianze na hilo, maana nakujua, hungenisikiliza lolote jingine kabla sijalisema. Limevaliwa mchana, mbele ya watu, na watu wakapiga makofi. Ila aliyelivaa siye yule uliyemshonea. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Jambo lenyewe ni refu, na sioni mwingine atakayelielewa kama wewe.

Niko Kitaya, kwa dada yako Esha. Shule tumefunga. Nimekaa kwenye mkeka upenuni mwa jiko, na Bi Esha yuko hatua tatu kutoka hapa anachambua kisamvu. Nilitaka kumsaidia akanikatalia, anasema majani yangu yana vijiti. Ni kweli yana vijiti. Sisi wa Njombe mboga hii tumekutana nayo ukubwani.

Habari za mjini kwanza. Kibarazani kwako pale Rahaleo sasa yupo fundi simu, baba mmoja mpole wa kutoka Newala. Hakuung'oa ule msumari wako wa kutundikia futi, anatundikia kofia yake. Cherehani imekuja huku kwa dada, na kile kioo kirefu nimekichukua mimi. Nilipokisimamisha nyumbani wima kabisa ndipo nikagundua ujanja wako. Kumbe ulikuwa unakilaza kidogo ukutani ili kila mteja ajione mrefu. Miaka yote ile natoka kwako najiona mlimbwende, kumbe ni kioo. Nimekilaza vilevile. Sioni sababu ya kuanza kuujua ukweli sasa.

Yule mama anayeuza ming'oko, vile viazi pori vyenu, bado anakaa kona ileile. Wiki ya kwanza baada ya msiba nilipita pale, akanifungia mafungu mawili, langu na lako, kwa mazoea. Tukatazamana. Nikayachukua yote mawili, nikayala yote mawili, nimekaa kitandani na viatu vya kazini miguuni.

Baada ya hapo niliacha kutazama, Somoe. Nilikuwa napita barabarani kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, macho mbele tu.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Sikuwa nimemaliza hata mwezi tangu nihamishiwe Mtwara, nikakuletea sketi unipunguzie pindo. Unanipima, pini ziko mdomoni, ukaniuliza njiani nimeona nini kizuri. Nikasema sijaona kitu. Ukazitoa pini.

"Umetoka shuleni mpaka hapa na macho yako yote mawili, halafu hujaona kitu?"

Ukaniambia nikija kuchukua sketi nije na kitu kimoja kizuri nilichokiona, la sivyo hunipi. Ilikuwa Ijumaa. Nikaja na nondo za dirisha la nyumba ya jirani, zile zilizokunjwa kama jua linalochomoza, nimekuchorea nyuma ya karatasi ya mtihani. Wiki mbili baadaye nikaliona jua hilohilo limedariziwa kifuani pa bibi harusi, watu wanaligusa. Nilitamani kuwaambia kwamba lile lilikuwa dirisha.

Ikawa hivyo kila Ijumaa, miaka saba. Mimi nakuletea kimoja, wewe unanipa kimoja. Ulikuwa unaokota popote: namna ming'oko inavyopangwa kwenye sinia kama feni, mistari ya pakiti ya majani ya chai, kucha za bibi mmoja wa Ziwani aliyekuja na hina imekwisha nusu, ukasema ile nusu ndiyo nzuri. Na watu. Watu wakubwa wa redioni na kwenye televisheni uliwafanya vilevile kama nondo za dirisha, kila mmoja unamtoa kitu kimoja. Yule golikipa ulimpenda kwa sababu akifungwa anaokota mpira mwenyewe, anaufuta, ndipo anaurudisha. Tangu siku ile mteja akija kulalamika ulikuwa unaichukua nguo, unaipiga pasi kwanza, ndipo unamjibu. Mimi nilimchukua yule mtangazaji wa matangazo ya vifo, anayelipa kila jina nafasi yake bila haraka. Nikaanza kuita mahudhurio hivyo. Darasa langu la nne wakaacha kupiga kelele wakati wa majina, kila mmoja akawa anangoja kusikia lake.

Halafu akaja Mama Jaji.

Tulimwona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya duka la jirani yako, jaji mstaafu, anazungumzia mirathi ya wajane. Mimi nilikuwa nasikiliza sheria. Wewe ulikuwa unaangalia namna anavyovua miwani, anaiweka mezani, anangoja. Hakugonga meza, hakuomba watu wanyamaze. Wakanyamaza. Ukasema, "Yule mama hagombanii nafasi." Kisha ukasogea karibu na kioo cha televisheni ukakunja uso. Ukaniambia mwanamke mwenye maneno yaliyonyooka vile amevalishwa gunia, na kwamba utamshonea gauni wewe.

Nilidhani ni maneno tu. Wiki iliyofuata nakukuta na gazeti lenye picha yake, umelibandika ukutani, na futi mkononi. Ukaniambia kipaza sauti kama kile ni shibiri moja, basi ukikijua kipaza sauti unalijua bega, na ukilijua bega mengine yote yanafuata. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hukucheka. Ulikuwa unaandika namba.

Miezi minne. Ulikuwa unaliweka pembeni ukiwa na kazi za watu na kulirudia zikipungua. Kitambaa rangi ya bilinganya. Shingo uliipata Mikindani, kwenye lile dirisha la nyumba ya zamani ambalo upinde wake wa juu umebaki na ukuta wake umeanguka. Ulisimama pale ukiuchora kwa kidole hewani mpaka watu wakadhani unaita mtu. Na pindo la chini, lile la mkono, nyuzi za rangi tatu zinapishana kama ukili wa mkeka wa mama yenu. Figo zilipoanza kukusumbua ulikuwa umefika nusu ya pindo. Nusu ya pili umeishona kitandani. Nilikuwa nakushikia taa ya simu kwa sababu dirisha lile halina mwanga hata saa sita mchana, na ulinigombeza nikitikisa mkono.

Ulipomaliza ulilikunja, ukanipa.

"Usimtumie kwa basi," ukasema. "Mpe mkononi, Editha."

Nikasema nitampa. Hukuniita jina langu mara nyingi, ilikuwa mwalimu, mwalimu. Siku nane baadaye tulikuleta huku Kitaya, wakati wa kifuku, mvua haikatiki, gari linateleza njia nzima, na mimi nimekaa na wanawake ndani huku wanaume wamekwenda kukuzika, gauni liko Rahaleo kwenye sanduku langu.

Sasa sikiliza.

Mwaka huu sekondari moja ya wasichana pale mjini wakafanya mahafali, na mgeni rasmi akawa yeye. Matroni wao nasali naye. Nilimwambia habari yote, nikamwomba dakika tano tu. Akanipangia wakati wa chai, kwenye ofisi ya walimu, kabla wageni hawajaingia kwenye hema.

Nilivaa ile sketi uliyonipunguzia. Kwanza nikwambie, ni mfupi. Kwenye televisheni kumbe wanamkalisha. Ni mfupi, mnene kidogo, anatembea kwa uangalifu kwa sababu ya magoti. Nikaona halitamtosha kabla hata sijafungua mfuko. Nikafungua hivyohivyo, nikamweleza wewe ni nani, nikamweleza habari ya gazeti na kipaza sauti. Hakunikatiza. Alivua miwani akaiweka mezani, Somoe, ileile, nikasahau nilichokuwa nasema.

Akalisimamisha gauni mbele yake. Lilifika chini likazidi. Mabega yakamwacha. Walimu waliokuwepo wakaangalia vikombe vyao. Mimi nilitaka sakafu inimeze.

Lakini yeye hakulikunja. Alilitandaza mezani, akaligeuza ndani nje, akaanza kulipitia kwa kidole, mshono kwa mshono, kama mtu anayesoma faili. Akaniambia mama yake alikuwa anashona. Akafika kwenye mabega akasimama.

"Huyu fundi aliwahi kukosea?"

Nikasema mara chache.

"Bega la kushoto limeshushwa," akasema. "Si kwa bahati mbaya. Ameshusha bega, akashusha na kwapa lifuate, na mkono akaupunguza. Mimi mabega yangu yako sawa."

Nikamwambia ulikuwa mgonjwa. Nikaanza kukuombea radhi. Akatikisa kichwa.

"Mgonjwa hashoni hivi. Huyu alikuwa anamshonea mtu anayemjua. Mtafute, mwalimu."

Akaniomba kipande cha kitambaa kilichobaki, kama kipo. Kilikuwepo, ulikuwa umekikunja ndani ya mkono wa gauni. Akakifungia miwani yake, akakiweka kwenye mkoba. Alipokwenda kuhutubia alikitoa pale mbele ya watu wote, akakifungua, akatoa miwani. Wasichana mia na zaidi wamekaa, na hakuna aliyejua ile bilinganya imetoka wapi isipokuwa mimi niliyesimama nyuma karibu na masufuria ya pilau.

Ningekudanganya nikisema nilifurahi siku ile. Nilirudi nyumbani nikalia. Sikuelewa alichoniambia. Nilikuwa nasikia tu kwamba gauni halikumtosha, na kwamba ahadi niliyokupa nimeitimiza halafu haikuwa na maana. Nikalitundika. Kila nikipita naliona lile bega. Nikasema shule zikifungwa nitalirudisha kwa wenyewe, likae na cherehani.

Ndivyo nilivyofika huku.

Bi Esha nilikuwa nimemwona msibani tu, na msibani mtu humwoni, unaona kanga. Mara hii alinipokea njiani, amebeba jembe. Alilihamisha kutoka bega la kulia akajaribu kuliweka la kushoto ili anipe mkono. Jembe likateleza. Akalishika na kucheka. Akaniambia bega hili halibebi kitu, alianguka kwenye mkorosho akiwa msichana, likaungana vibaya.

Nilisimama katikati ya njia.

Hujawahi kuniambia, Somoe. Miaka saba, na mambo yote tuliyozungumza, mpira wa golikipa, kucha za hina, hukuwahi kunitajia bega la dada yako. Labda kwako halikuwa kitu cha kuona. Lilikuwepo tu tangu ulipofumbua macho.

Tulipofika nyumbani nikamwomba alijaribu. Akakataa. Akasema la mkubwa wa serikali hilo, yeye mtu wa mpunga. Nikamwambia mkubwa mwenyewe ndiye aliyenituma nimtafute mwenye nguo. Akaingia nalo ndani. Alikaa huko muda.

Akatoka.

Nikwambie kama unavyopenda kuambiwa, kwa nguo yenyewe. Shingo imekaa. Kiuno kimekaa, hakibani wala hakining'inii. Pindo limefika palepale juu ya kifundo cha mguu, ukili wako unazunguka wote unaonekana. Na bega, lile bega, limelala kama limemwagwa pale. Mkono wa kushoto na wa kulia ikaonekana sawa. Ukimwangalia ungesema hajawahi kuanguka popote.

Hapakuwa na kioo. Alikuwa anajipapasa kwa viganja, pole pole. Unajua mlivyo nyinyi wawili, mkiguswa na jambo "mimi" yenu inageuka "nangu".

"Nangu hajawahi kunipima," akasema. "Hata siku moja."

Baadaye akaweka kiganja pale begani, kwenye kile kishimo, akaniambia mama yenu alipofariki ulikuwa bado unabebwa, na kwamba ukiwa mgongoni mwa dada yako ulikuwa unaweka kidevu chako hapo, unalala hapo, kutoka shambani mpaka nyumbani.

Sijui kama ulijua unachofanya. Nimeliwaza sana. Wakati mwingine nafikiri ulijua tangu mwanzo na ulinificha kwa makusudi, uone kama nitaona mwenyewe. Wakati mwingine naona ni mikono tu ilikwenda inakokujua, futi inasema hivi, mkasi unafanya vile. Na hata yule Mama Jaji, yule anayeweka miwani na kungoja. Siku hizi tatu nne nimemtazama dada yako. Akitaka kusema jambo anaacha anachofanya, anakaa kimya, na watoto wa hapa nyumbani wote wananyamaza. Nilidhani ulimpenda mtu wa kwenye televisheni. Kumbe ulikuwa umemwona Esha humo ndani.

Mara ya kwanza kulivaa mbele ya watu ilikuwa juzi. Wanawake wa mpunga wamemchagua Bi Esha kuwa mwenyekiti wao, na wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja kuhusu yale mashamba ya bondeni karibu na mto. Kulikuwa na wasiwasi. Wanawake wameyalima miaka na miaka, ila mashamba yalikuwa yanasemwa kwa majina ya wanaume, na palipotajwa kupimwa upya kila mtu akawa anajua yatakwenda kwa nani. Bi Esha hakulala vizuri. Asubuhi nikamwambia avae. Akaniambia watasema anajikweza. Nikamjibu kwamba Somoe hakushona usiku na mchana nguo ya kukaa sandukuni. Hapo nilitia chumvi, usiku hukushona. Nisamehe.

Akavaa. Alipotokea pale mkutanoni wanawake wenzake wakaanza kusogeza mikeka apite. Mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama akijieleza akapunguza sauti. Zamu ya Bi Esha ilipofika akasimama, akatazama watu, akangoja. Moyo wangu ulikuwa unakwenda kama cherehani yako. Akasema hivi:

"Sisi hatujaja kuomba mashamba. Tumekuja kuwaonyesha mipaka. Twendeni."

Akaanza kutembea. Wakubwa wakatazamana, kisha wakainuka na mafaili yao, wakamfuata na viatu vyao vizuri mpaka bondeni. Kila mwanamke akasimama kwenye shamba lake. Bi Esha alikuwa anawaonyesha kwa mkono, wa kwanza mpaka wa mwisho, huyu tangu mwaka ule wa mafuriko, huyu alirithi kwa mama yake, huyu alifyeka mwenyewe. Amekunja pindo lako kiunoni lisiguse tope. Walikaa huko mpaka jua likawa kali, wakapigilia vigingi vya mipaka, na majina yakaandikwa, ya wanawake, moja moja. Ndipo watu wakapiga makofi. Nilipiga kwa niaba yako mpaka viganja vikawaka.

Nina raha, Somoe. Naona nikwambie hilo waziwazi, kwa sababu kwa muda mrefu nilidhani raha itakuwa ni kukusahau. Jana nimetembea peke yangu mpaka mtoni na nimerudi na vitu sita, sijui hata nianzie wapi kukuhadithia. Kuna mtego wa samaki hapa, namna ulivyosukwa mdomoni, ungeweza kuwa mkono wa gauni.

Jambo moja tu lililobaki. Mwisho wa mkutano ilibidi mwenyekiti atie sahihi kwenye karatasi. Wakamletea wino, akaweka dole gumba. Wengine wengi waliweka dole gumba, hakuna aliyemcheka. Lakini nilimwona anavyokiangalia kidole chake baadaye. Alikifuta kwenye majani kwa muda mrefu, mbali na gauni.

Leo asubuhi, anatwanga, hanitazami, akaniuliza jina lake lina herufi ngapi. Nikamwambia nne. Akatwanga kidogo. Akasema nne si nyingi.

Tunaanza kesho. Nimeikuta chaki yako ya kushonea kwenye droo ya cherehani, na mlango wa jiko ni mweusi kwa moshi, unafaa kuliko ubao wa shuleni kwangu. Nakuahidi, shoga yangu, siku nitakayopanda gari kurudi mjini nitamwacha anaziandika zote nne, na mkutano ujao wino hautamgusa kidole. Wewe pumzika huko uliko.

Rafiki yako,
Editha